Kuitafuta faili ya babu: shajara ya mradi

Jumanne, 14 Januari 2025

Wacha nianze kuandika hii kitu mahali, manake nikiiweka kichwani tu nitasahau nani alisema nini na lini. Mradi wenyewe ni rahisi kuusema: natafuta faili ya kesi ya shamba la babu. Mpaka wetu na majirani wa ng'ambo ya mto umeleta maneno tena, sorveya alikuja mwezi wa 12 akapima nusu akakunja vyombo vyake, akasema yeye haingilii mahali kesi imewahi kupita mpaka aone karatasi ya korti. Sawa, karatasi iko wapi? Hapo ndo kila mtu akaanza kukohoa.

Sisi tumekua tukijua babu alishinda ile kesi, hata hatukuwa tunauliza. Kumbe ukivuka mto, huko nao wamekua wakijua ni wao walishinda, na hakuna upande wowote una karatasi.

Tulicho nacho ni mkebe wa mafuta ya Kasuku wa shangazi. Ndani kuna kadi ya kliniki ya mtoto ambaye hakuna anayejua ni nani kati yetu, risiti za kahawa, na samansi moja, ile barua ya kuitwa kortini, ambayo panya wamekula kona ya juu. Na ni kona hiyohiyo ilikuwa na namba! Kumebaki "7/97" na mbele ya hiyo 7 kuna kijimstari cha wino ambacho kinaweza kuwa 1, 2, 4, ama panya tu walifanya mambo yao hapo. Baba mdogo anasema ilikuwa mwaka wa El Nino, mvua ilibeba daraja wakawa wanaenda kesi kwa kuzunguka, kwa hivyo 97 inakubali.

Jumatatu, 20 Januari

Leo nimekaa kwa simu tu. Nimeanza na tovuti ya Kenya Law, ile inaweka hukumu bure, unaandika jina unatafuta. Nimeandika jina la babu kwa spelingi tatu nikapata kesi za watu wengine kabisa, mmoja wa wizi wa mabavu, mungu saidia. Nimekuja kuelewa hiyo tovuti ina nguvu zaidi kwa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa, za mahakimu wa mashinani hasa za zamani ni bahati nasibu. Nikaingia ile mitambo ya kufungua kesi mtandaoni, hiyo nayo ilianza Nairobi 2020 na ikafika nchi nzima Machi 2024, sasa kesi ya 97 itakuwa imeingiaje humo, hiyo ni makaratasi na vumbi.

Kitu kimoja nimepata, na sikukitafuta. Gazeti rasmi la serikali, lile la kila Ijumaa, huwa linatangaza saksesheni, kesi za urithi: jina la marehemu, kijiji, tarehe aliyofariki, namba ya kesi, na siku 30 za mtu mwenye pingamizi kujitokeza. Magazeti ya zamani yako mtandaoni. Tangazo la babu lipo. Na jina lake limeandikwa kwa njia ya nne ambayo sikuwa nimejaribu, herufi moja imeongezwa katikati na jina la baba yake limewekwa mbele. Shangazi alipoona akasema "ndio, hivyo ndivyo kipande kilisema," yaani kitambulisho cha zamani cha babu, kama mtu ambaye hakuwa amekaa kando yangu siku nzima nikihangaika na spelingi.

Alhamisi, 23 Januari

Nimeenda korti. Mlangoni wameandika Masijala lakini sote tunaiita rejistri. Foleni si ndefu, madam wa dirishani ni mtu wa haraka.

"Namba ya kesi?"

"Sina namba kamili madam, nina jina."

"Jina utamwitia mtu kwa soko. Hapa tunaita namba."

Nikamwonyesha picha ya samansi kwa simu. Akaangalia kidogo, akaikuza kwa vidole, halafu akauliza swali ambalo lilinimaliza: "Na hii korti yetu mwaka wa 97 ilikuwa wapi?" Nikanyamaza. Haikuwa! Hii ilifunguliwa juzijuzi tu. Wakati ule tarafa yetu ilikuwa chini ya wilaya ingine kabisa, watu walikuwa wanapanda gari asubuhi na giza kwenda korti ya mji wa upande ule mwingine. Baba mdogo alikuwa ameniambia kuhusu kuzunguka daraja na sikufikiria kuuliza walikuwa wanazunguka kwenda wapi. Nauli 300, faida sifuri, lakini madam hakunidharau, alinieleza vizuri kwamba faili za zamani hazikuhamishwa wilaya zilipogawanywa, kesi ilibaki pale ilipofunguliwa.

Jumanne, 4 Februari

Korti sahihi sasa. Masaa mawili na nusu kwa gari, nimefika saa nne. Utaratibu: unaandika barua fupi ya kuomba kupekua, unaeleza wewe ni nani na unataka nini, wanakupa ankara unalipa kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, unarudi na risiti. Mtandao ulikuwa unapumua kwa shida kwa hiyo hiyo risiti imekula saa nzima.

Halafu wakanipa rejista ya kesi za madai ya 1997. Hiki kitabu si mchezo, ni kama mlango, ngozi nyekundu mgongoni imepasuka, na kila ukurasa una mistari ya namba, tarehe, mdai, mdaiwa, dai ni la nini, na mwisho ilivyoisha. Kuna karani wa miaka hiyo alikuwa na mwandiko mzuri sana, herufi zimelala upande mmoja kama nyasi, ukifika katikati ya mwaka anapotea anaingia mwingine ambaye sijui alikuwa anaandika akikimbia. Nimetafuta 7, 17, 27, 47, halafu nikaamua nisome zote. Madeni ya ng'ombe, ajali za matatu, ada ya shule, mtu na mwajiri wake. Babu hayuko. Nikaomba ya 1998, hayuko pia.

Nimerudi nyumbani usiku. Baba mdogo akaniuliza "umeipata?" nikamwambia bado, akasema "lakini kesi ilikuwepo," nikamwambia sijasema haikuwepo baba.

Jumatatu, 10 Februari

Nilikuwa nimekata tamaa kidogo, halafu rafiki yangu ambaye ni karani kwa wakili akanipigia akaniambia kitu ambacho ningeambiwa siku ya kwanza: ukikosa namba kortini itafute ardhi. Kwani korti ikitoa amri kuhusu shamba, inaandikwa kwa rejista ya ardhi, ile wanaita grinikadi. Watu wengi wanafanya sachi ya kawaida tu inayoonyesha mwenye shamba leo na kama limefungwa, lakini grinikadi ndo ina historia yote, na unaweza kuomba nakala yake ilothibitishwa.

Grinikadi ina sehemu tatu. A ni shamba lenyewe, ukubwa na ramani. B ni wenye shamba mmoja baada ya mwingine. C ni mizigo iliyo juu yake, mikopo, kuzuia, amri. Yetu B ina mstari mmoja tu, babu, kwa ile spelingi ya kipande. C nayo ina mstari mmoja, wa 1998, mwandiko wa kubanana: shamba limezuiwa, lisiguswe mpaka kesi iishe, kufuatana na Award 47/97.

47! Ile kona ya panya ilikuwa 4. Na hiyo Award haina "kesi ya madai" popote, imeandikwa hivyo tu, Award. Pia nikajua kwa nini saksesheni ilikwama miaka yote, hati ya kusimamia mirathi ilipatikana lakini shamba bado liko kwa jina la marehemu, si wajomba wavivu kama tulivyokuwa tunasema, ni huu mstari mmoja hakuna mtu aliwahi kuutoa.

Jumatatu, 17 Februari

Sasa nimeelewa, wacha niliandike polepole manake ndo kiini cha mambo yote. Kesi nyingi za mashamba za wakati ule hazikuanzia kortini. Kulikuwa na sheria ya 1990 ya mabaraza ya migogoro ya ardhi, wazee wanakaa na mwenyekiti wao, wanasikiliza, wanaenda hata shambani kuona mpaka, halafu wanaandika uamuzi. Huo uamuzi ndo award. Mwenyekiti anaupeleka kwa hakimu, hakimu anauingiza uwe hukumu ya korti. Kabla ya hapo, tangu 1981, ni DO, afisa wa tarafa, alikuwa anakaa na wazee kufanya kazi hiyohiyo. Mabaraza yalifutwa 2011 ilipokuja sheria ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa hivyo faili ya babu ilikuwa kortini, lakini haikuwahi kuingia kwa kitabu cha kesi za madai, ilikuwa na kitabu chake! Nilikuwa nasoma madeni ya ng'ombe ya watu bure.

Nikarudi pale kwa ile korti ya mbali nikaomba rejista ya award. Kijana wa dirishani akasema hakuna kitu kama hicho. Sikubishana, nikaomba kama kuna mtu wa zamani hapo ndani. Akaitwa mzee mmoja amebakisha miezi kustaafu, akasikiliza, hakusema neno, akaenda nyuma ya kabati la chuma akarudi na kitabu chembamba cha jalada la kijani akikifuta kwa mkono wa koti. "Hiki hakuna mtu amekiomba tangu barabara iwekwe lami."

Ukurasa wa nane. 47/97, jina la babu, jina la mzee wa ng'ambo ya mto, hukumu imeingizwa kulingana na award. Nilitaka kuruka. Halafu macho yakaenda safu ya mwisho, wino mwekundu: faili imepelekwa Mahakama Kuu, na namba ya ombi la 1998. Tukatafuta rafuni, nafasi ya 47 iko wazi, 46 inaegemea 48.

"Ilienda, na sioni mahali imeandikwa ilirudi," mzee akasema.

Nikakaa kwa benchi ya nje nikaandika barua ya pili, hii chini ya sheria ya 2016 ya kupata habari. Hiyo sheria inasema ombi liwe la maandishi, kwa Kiingereza ama Kiswahili, nikaandika Kiswahili. Wana siku 21 za kujibu, na kuwasilisha ombi hakulipishwi, wanaweza kukutoza gharama ya kunakili tu. Nikaomba vitu viwili: mahali faili ilipo, na nakala ya ile barua ya kuipeleka. Kijana akaisoma kwa sauti wenzake wakacheka kidogo, "kuwasilisha maombi, huyu ametoka wapi," lakini akapiga muhuri kwa kopi yangu, tarehe na saini, na hiyo kopi ndo muhimu kuliko hata barua yenyewe. Bila muhuri hakuna siku ya kwanza ya kuhesabu.

Jumatano, 26 Februari

Kusubiri. Usiku nimepata wasiwasi mpya, mtu ameniambia korti huwa zinachoma faili za zamani. Ni kweli kuna sheria ya kuharibu kumbukumbu, lakini si mtu anaamka tu na kiberiti, lazima watangaze kwa gazeti rasmi kwamba miezi mitatu kutoka leo tutaomba idhini ya Jaji Mkuu kuharibu faili za aina fulani za miaka fulani, na orodha inakaa rejistri watu waione. Nikarudi kwa magazeti mtandaoni nikatafuta jina la korti yetu. Tangazo moja lipo. Trafiki na jinai. Award hazijatajwa. Nimelala saa nane usiku lakini nimelala.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya 18. Simu imelia niko kwa duka la mbolea, ni yule mzee wa koti mwenyewe. Amepata barua ya kupeleka faili kwa bunda la barua zilizotoka 1998, ameipiga kopi, na jibu rasmi litafuata. Mahakama Kuu za siku hizo zilikuwa chache, si kama sasa, kwa hivyo yetu ilienda mji mkubwa. Nikamwambia asante sana mzee, akasema "nenda na hiyo namba ya 98, usiende na ya 97, huko hawataijua."

Hebu fikiria. Faili moja, namba mbili, na ukienda na ile isiyo ya hapo unaambiwa haipo, na aliyekuambia hajadanganya.

Jumatano, 19 Machi

Nimelala mjini kwa binamu ndo niwahi. Barua, risiti, nikaambiwa nirudi saa nane, nikarudi saa nane nikaambiwa saa tisa. Saa tisa na dakika kumi ikaletwa.

Ni faili ya manila ya rangi ya udongo, imefungwa uzi wa katani, na ndani yake imelazwa faili ingine nyembamba kama mtoto mgongoni: 47/97. Iko! Miaka 27 imekaa hapo tumboni mwa nyingine. Huruhusiwi kutoka nayo, unasoma kwa meza mbele ya karani, na kupiga picha nikakatazwa, nikaandika kwa daftari.

Nimeanza na ya wazee. Mwenendo wote, yaani yaliyosemwa kwenye kikao, umeandikwa kwa biro, Kiswahili, karatasi zenye mistari. Babu anaongea hapo. Anasema alianza kulima ule upande kabla ya kupimiwa mashamba, anataja mwembe, anataja jiwe, anasema mto ulihama. Mto ulihama! Hakuna mtu nyumbani aliwahi kutuambia hivyo, sote tumekuwa tukibishana mpaka ni mto kana kwamba mto ni ukuta. Chini ya maelezo yake kuna alama ya dole gumba, na katikati ya hiyo alama kuna mstari mweupe umekata toka upande hadi upande. Ni lile kovu la panga. Nimeliangalia sana mpaka karani akaniuliza kama nimemaliza.

Wazee wakaamua babu ana haki, wakasema kipande cha ng'ambo kikatwe kwa taito, ile hati ya shamba, ya jirani kiandikwe kwa babu. Hakimu akaingiza. Kwa hivyo babu alishinda kweli.

Halafu faili kubwa. Jirani alienda Mahakama Kuu kabla miezi sita ya kupinga kuisha. Uamuzi wa jaji ni ukurasa mmoja na nusu wa tapureta. Anasema baraza lilikuwa na uwezo wa mambo ya mipaka, ya nani alime ama akae, na ya kuingilia shamba la mtu, basi. Kukata taito ya mtu na kumpa mwingine hakukuwa kwenye uwezo wao. Award ikafutwa. Kila upande ujilipie gharama. Na hakuna mahali jaji amesema ile ardhi ni ya nani, hakuulizwa hilo.

Kwa hivyo wao pia walishinda kweli.

Baadaye nimekuja kuona hii ilitokea kwa watu wengi sana, ukitafuta kwa Kenya Law hukumu za award zilizofutwa kwa sababu hiyohiyo utasoma mpaka uchoke. Mimi si wakili na sitajifanya, lakini kama kwenu kuna "tulishinda" ya miaka ya 90 kwa wazee, angalia kama kuna wino mwekundu.

Nimeomba nakala zilizothibitishwa za vitu vitatu tu, award, ile hukumu ya hakimu, na uamuzi wa jaji. Mwenendo wa wazee nimeuomba pia mwishoni, hauna kazi kwa sorveya lakini ile alama ya dole siwezi kuiacha huko.

Alhamisi, 3 Aprili

Nakala ziko mkononi, kila ukurasa muhuri na saini. Niligundua ukurasa mmoja wa uamuzi haukupigwa muhuri nikaurudisha dirishani palepale, kuhesabu kurasa kabla ya kutoka ni lazima.

Jioni tumekaa na baba mdogo nje. Nimemsomea yote, ya wazee kwanza.

"Sasa tulishinda ama hatukushinda?"

"Mlishinda baba, halafu ule ushindi ukafutwa."

Akanyamaza muda. "Na wao?"

"Walishinda kufuta tu."

Akaniomba nirudie pale pa mto kuhama. Nikarudia. Akasema mwembe anaukumbuka, ulikatwa akiwa darasa la tatu, kisiki kinaweza kuwa bado kipo chini ya matete.

Bado kuna kazi. Ule mstari wa 1998 kwa sehemu C unatakiwa kuondolewa, na kwa vile kesi yenyewe ilikwisha wakati huohuo nafikiri kuna njia, hiyo nitaipeleka kwa mtu wa sheria. Sorveya ameambiwa, anasema atakuja baada ya Pasaka.

Habari imevuka mto haraka kuliko mimi. Saa moja hivi jioni mzee wa ng'ambo amekuja, si yule wa kesi, yule alishafariki, ni mwanawe mkubwa. Alisimama kwa geti, hajaingia kwetu tangu nikiwa mdogo. Baba mdogo akamwambia aingie, akakataa kwa heshima, akaniuliza mimi, "Kijana, nasikia umeipata. Na ya baba yangu iko humo pia, alivyoongea?" Nikamwambia iko, kurasa nne, na ana haki ya kuiomba kama mimi. Akauliza anaanzia wapi. Nikang'oa karatasi kwa daftari nikamwandikia namba ya 98.